Baridi ya Juni: ni nani anavalisha mtoto wa Lubumbashi?

Ukimwambia mtu wa Kinshasa ao wa Ulaya kwamba Lubumbashi kuko baridi, atacheka. Kwake Afrika ni joto, mambo kwisha. Lakini wewe mwenye kukaa Annexe, kule Kasapa, Kalebuka, Luwowoshi ao Kisanga, unajua vile mwezi wa sita unakuwaka. Maji ya ndoo yanauma mikono, na mdomo unatoa moshi kama wa sigara.

Na angalia tarehe. Sikukuu ya uhuru ni 30 Juni. Mwaka wa masomo unamalizika mwanzoni mwa Julai. Basi matembezi makubwa ya familia, yale ya kupeleka batoto kwenye zoo kuona nyama na kupiga picha, yanaangukia katika wiki za baridi kali kuliko zote za mwaka. Wale wa Annexe wanatoka mapema kuliko wengine wote, kwa sababu njia ni ndefu. Msichana amevaa robe nyembamba ya sikukuu, mikono wazi. Mvulana ana shati jeupe. Wazazi wanasema: picha itatoka mzuri. Jua likiwa halijapanda, mtoto anatetemeka nyuma ya moto, katikati ya baba na dereva.

Siye watu wa mji huu tuko na miaka zaidi ya 100 ya kuishi na baridi hii. Kwa nini basi tunaivalia kama mgeni aliyefika jana? Jibu liko ndani ya historia. Kwa muda mrefu kazi ya kuvalisha mwili wa mtoto wa Lubumbashi ilikuwa mikononi mwa wengine: kwanza kampuni, kisha Serikali.

Tuanze na mbingu. Lubumbashi iko mita zaidi ya 1,200 juu ya bahari, kusini mwa ikweta kwa digrii karibu 11 na nusu. Kinshasa iko chini sana, mita 300 hivi. Kutoka Mei mpaka Septemba mvua inakauka kabisa na mawingu yanapotea. Mawingu ni kama bulangeti la dunia: yakikosekana, joto lote ambalo udongo ulikusanya mchana linapanda juu usiku na kupotea. Njo maana asubuhi ya Juni ao Julai inaweza kushuka mpaka digrii 7 ao 8, na mchana wa siku ile ile ukapita digrii 25. Na Annexe, komini inayozunguka zile zingine sita, kuko mashamba, nafasi wazi na mabonde ya mito. Hewa ya baridi ni nzito, inateremka na kulala mabondeni. Mtu wa katikati ya mji, kwenye nyumba zilizobanana na barabara za lami, hapati baridi sawa na mtu wa Annexe.

Sasa sikiliza neno hili: bulangeti. Sisi tulitawaliwa na Wabeleji, wenye kusema Kifaransa na Kiflamand. Kwa nini basi hatusemi neno lililotoka kwenye couverture? Kwa sababu kile kitambaa kilifika kutoka kusini. Mwaka 1910 gari la moshi lilifika Elisabethville likitokea Rhodesia, na mji ulianza mwaka ule ule. Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa 1906, iliyeyusha shaba yake ya kwanza hapa mwaka 1911. Wafanyakazi wengi wa mwanzo walitoka Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland, na hata wazungu wengi wa migodi walikuwa wenye kusema Kiingereza. Amri za kazi zilitolewa katika Fanakalo, lugha ya migodi ya Afrika Kusini. Wabeleji waliogopa kwamba Katanga itamezwa na Waingereza, na hiyo ni sababu moja ya wao kusukuma Kiswahili kiwe lugha ya kazi. Lakini maneno mengine yalikuwa yamekwisha kuingia nyumbani, na koti na bulangeti ni ndani yao.

Kwa mfanyakazi wa wakati ule, bulangeti halikuwa zawadi. Watu waliletwa kutoka mbali, wengine wakitoka nchi za chini zenye joto, wakalazwa katika kambi zenye nyumba mbaya, kazi nzito, chakula kidogo. Vifo vilikuwa vingi katika miaka ile ya kwanza, na nimonia ilikuwa mmoja wa wauaji wakubwa. Mwajiri alitoa bulangeti pamoja na posho kwa sababu mfanyakazi aliyekufa ni hasara. Mwanzoni mahesabu yalimwangalia mwanaume mmoja, mwenye kandarasi fupi. Bibi yake na watoto hawakuwa ndani ya hesabu. Kwa macho ya kampuni, baridi ya mtoto haikuwako.

Mambo yalibadilika mwisho wa miaka ya 1920. Kutafuta watu kila mwaka kulikuwa kunakula pesa nyingi, basi Union Minière ikachagua kuwakalisha wafanyakazi pamoja na familia zao, kwa kandarasi za miaka mitatu. Hapo mtoto akaingia katika hesabu, kwa kuwa yeye ndiye mfanyakazi wa kesho. Zikaja nyumba za matofali, kupima watoto wachanga, masomo, na vyumba ambamo bamama walifundishwa kushona na kufuma triko. Kuna kambo wengi katika mji huu waliojifunza sindano za kufuma pale. Kofia ndogo ya sufu ambayo mtoto mchanga wa Lubumbashi anavalishwa mpaka leo, hata jua likiwaka, pengine ina uhusiano na masomo yale.

Tusidanganyane: lilikuwa jambo zuri na lilikuwa pia kamba. Kampuni iliyokupa bulangeti iliamua pia ulale wapi, ule nini, uoe namna gani. Kampuni ikajifanya baba wa wote. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu, mwanahistoria wa Chuo Kikuu chetu cha Lubumbashi, aliandika juu ya familia za wafanyakazi hao kuanzia 1910 mpaka 1997, na jina la kitabu chake linasema mengi: Bana Shaba waliotupwa na baba yao.

Baada ya kampuni, Serikali nayo ilishika kabati la nguo. Uhuru ulifika 30 Juni 1960, na siku 11 tu baadaye, 11 Julai, Moïse Tshombe alitangaza kujitenga kwa Katanga. Ndiyo, mambo yote mawili yalitokea katika baridi. Kujitenga kulikwisha Januari 1963. Kisha Mobutu, mwanzoni mwa miaka ya 1970, akaleta siasa ya authenticité. Wanaume wakaacha koti la kizungu na tai, wakavaa abacost. Wanawake wakakatazwa suruali na perruque. Kikwembe ikawa ndiyo nguo ya mwanamke wa kweli wa Zaire.

Hapa watu wa Lubumbashi wana neno la kusema ambalo Kinshasa hawana. Sheria ile ilifikiriwa na watu wa mji wa joto. Kwa mama wa Kinshasa, kukosa suruali ni swali la uhuru wake. Kwa mama wa Kasungami anayeenda sokoni alfajiri ya Julai, ni swali la uhuru na la magoti yake pia. Bamama walijipanga: kikwembe juu ya kikwembe, cha pili kikifunika mtoto mgongoni, na pulovere juu ya yote. Katazo lile lilianguka mwaka 1990, Mobutu alipofungua mlango wa vyama vingi.

Mwaka ule ule wa 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto iliporomoka, na Gécamines, mrithi wa Union Minière, ikaanza kuanguka pamoja nayo. Mishahara ikachelewa, posho ikapotea. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Baba aliyekuwa anatoa bulangeti akafunga mlango.

Nani akavalisha mtoto? Balo la friperi. Nguo zilizovaliwa na watoto wa Ulaya na Marekani zilijaa katika masoko yetu, kutoka soko la komini Kenya mpaka soko la Mzee Kabila. Biashara hii si mpya. Mtafiti Karen Tranberg Hansen, katika kitabu chake Salaula cha mwaka 2000, anaeleza vile zamani za ukoloni nguo za namna hii zilikuwa zinavuka kutoka Kongo kwenda Rhodesia ya Kaskazini. Neno salaula lenyewe ni la Kibemba, maana yake kuchambua katika lundo. Na kati ya vile tunavyochambua kuko majaketi ya theluji, mazito, yaliyoshonwa kwa mtoto wa nchi ambako baridi haiondoki mchana.

Hapa ndipo tunakosea hesabu. Baridi yetu ina sura yake. Mtoto akivalishwa jaketi moja zito la theluji juu ya ngozi, asubuhi anapona, lakini saa ya mchana mbele ya nyama anatoka jasho. Mama analivua, mtoto anabaki na singileti yenye maji. Jioni jua linaanguka haraka, nguo yenye jasho inageuka barafu, na njia ya kurudi Annexe ni ndefu. Bamama wa kikwembe juu ya kikwembe walikwisha kupata jibu zamani: nguo nyembamba kadhaa, moja juu ya ingine, maana hewa iliyofungwa katikati ya nguo ndiyo inashika joto. Singileti kavu, shati la mikono mirefu, triko, kisha kitu cha kuzuia upepo. Unavua moja moja jua likipanda, unarudisha moja moja likishuka. Soksi na kofia visikose, na singileti ya pili ikae mufukoni. Robe ya sikukuu ivaliwe juu ya triko. Picha itatoka mzuri tu.

Na usiku, mkirudi mmechoka, chunga sana mbabula. Makala yakiwaka ndani ya chumba kilichofungwa yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na familia nzima inaweza kulala isiamke. Mbabula inapasha joto nje tu, haiingii ndani ya chumba. Mwenye kukosa bulangeti anajaribiwa kuingiza moto ndani, ndiyo maana swali la nani anavalisha mtoto si swali la mapambo.

Leo kampuni za migodi zimerudi kwa wingi, zenye majina mapya, na hakuna hata moja inayofikiri juu ya soksi za mtoto wa Kalebuka. Pengine ni afadhali, maana tunajua bei ya bulangeti la zamani. Lakini basi kazi hiyo imebaki yetu. Kabla ya 30 Juni ijayo, muulize kambo wako alivaa nini asubuhi za Julai alipokuwa mdogo, na nani alimpa. Tuandikie jibu lake hapa chini, pamoja na jina la kambi ao la komini. Vitabu vimehesabu tani za shaba. Mabulangeti bado hayajahesabiwa na mtu.