Mombasa na Majirani Zake: Nani Awapokee Wageni wa Mbali?

Kabla Pwani haijaona ndege, miji yake ilikwisha kugombea wasafiri wa mbali. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Uarabuni, Ghuba na Bara Hindi. Kusi ikayarudisha kwao. Nahodha alipochagua pa kutia nanga, mji mmoja ulineemeka na mwingine ukabaki ukimtazama akipita.

Aprili 1498 Mreno Vasco da Gama alifika Mombasa, akakosana na wenyeji, akasonga mbele hadi Malindi. Huko alikaribishwa, akapewa rubani wa kumvusha hadi India. Malindi ikapata mshirika dhidi ya jirani yake, na mwaka 1505 Wareno wakaiteka Mombasa na kuichoma moto. Hata hivyo, mwaka 1593 walipotaka makao ya kudumu, walianza kujenga Ngome ya Yesu Mombasa, si Malindi. Bandari iliushinda urafiki.

Karne ya 19 zamu ikawa ya Unguja. Sayyid Said, Sultani wa Omani, alihamishia makao yake huko, akawavunja nguvu Mazrui waliotawala Mombasa mwaka 1837, na biashara ya pembe za ndovu na karafuu ikafuata kiti chake. Mombasa iliinuka tena reli ilipoanza kujengwa mwaka 1896. Meli kubwa zikaelekea Kilindini kwenye maji ya kina, na Bandari ya Kale pale Mji wa Kale ikaachiwa majahazi.

Angani, mambo yalianza vizuri. Mwaka 1937 ndege za Imperial Airways zilizotua juu ya maji zilipitia Mombasa zikielekea Durban. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ndege za magurudumu zikatawala. Uwanja wa Embakasi ulifunguliwa Nairobi mwaka 1958, na Tanzania ikafungua Kilimanjaro mwaka 1971 ili watalii wa kaskazini mwa nchi hiyo wasilazimike kupitia Kenya. Mwaka 1977 East African Airways ilikufa pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki, mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, kila nchi ikavutia kwake.

Mombasa ilipata riziki kwa ndege za kukodi kutoka Ulaya, zilizoshusha Wajerumani na Waingereza katika uwanja wake wa Port Reitz. Tarehe 28 Novemba 2002 makombora yalirushwa kuelekea ndege ya Israeli iliyokuwa ikiondoka Mombasa, yakaikosa, siku ileile hoteli ya Kikambala iliposhambuliwa. Hofu iliwafukuza wageni wengi.

Qatar Airways ilikuja Desemba 2018, flydubai Januari 2024. Lakini wenye mahoteli wa Pwani wanalalamika kwamba vibali vya kutua hutolewa kwa kulinda Nairobi na Kenya Airways, huku Unguja ikiwa imejenga jengo jipya la abiria na kuwakaribisha wanaotaka kuja.

Kina cha Kilindini hakikuhitaji kibali cha mtu, anga inakihitaji. Serikali ikiendelea kuipima Mombasa kwa faida ya Nairobi, mshindi wa mashindano haya atakuwa Unguja.