Maji Mara Moja, Muhuri wa Daima: Historia Fupi ya Ubatizo na Kipaimara

Wapendwa waumini na wanakwaya wenzetu, kijitabu cha jubilei kwa kawaida hujaa ratiba, picha na majina ya viongozi. Hayo yote yamo humu. Lakini tuliomba kurasa chache kwa ajili ya jambo lililoitangulia kwaya yetu na litakalobaki baada yetu. Katika miaka hii 25 tumeimba Misa nyingi, na kati ya hizo ziko mbili ambazo kila mwanakwaya anazijua kwa urefu wa mazoezi yake: Mkesha wa Pasaka, watu wazima wanapobatizwa, na Misa ya Kipaimara, Baba Askofu anapotutembelea. Ni vyema tujue tunachokiimba.

Iko sababu nyingine. Karibu kila familia hapa parokiani ina ndugu aliyehamia kanisa lingine, akaambiwa kwamba ubatizo wake wa utotoni hauhesabiki, akazamishwa majini upya. Baadhi yao wamerudi na wanauliza, "Je, nibatizwe tena?" Wengine hawajarudi kwa sababu wanadhani mlango ulishafungwa. Swali hilo si geni. Liliulizwa hapa hapa Afrika zaidi ya miaka 1,700 iliyopita, na jibu lililopatikana ndilo tunaloliishi hadi leo.

Mwanzo: maji na mikono

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 8, Filipo aliwahubiria Wasamaria na kuwabatiza. Mitume walioko Yerusalemu waliposikia, waliwatuma Petro na Yohane, nao wakawaombea wale waliobatizwa na kuwawekea mikono, wakampokea Roho Mtakatifu. Sura ya 19 inasimulia jambo linalofanana na hilo kule Efeso, Paulo alipowawekea mikono watu waliokuwa wametoka kubatizwa. Kanisa limeuona hapo mzizi wa Kipaimara: kwanza maji, kisha mikono ya mitume.

Kitabu cha zamani kabisa tulicho nacho kinachozungumzia Ubatizo peke yake kiliandikwa na Mwafrika. Ni Tertuliano wa Karthago, mji uliokuwa katika nchi ya Tunisia ya leo, naye alikiandika karibu na mwaka 200. Anaeleza kwamba mbatizwa akitoka majini alipakwa mafuta, kisha akawekewa mikono ili Roho Mtakatifu aitwe juu yake. Wakati huo mambo hayo yote yalifanyika katika adhimisho moja. Mtu alishuka majini, akapakwa mafuta, akawekewa mikono, akaenda kupokea Ekaristi.

Katika mji huo huo wa Karthago, tarehe 7 Machi 203, waliuawa Perpetua na Felisita pamoja na wenzao. Perpetua alikuwa mama kijana mwenye mtoto anyonyaye. Felisita alikuwa mtumwa mjamzito, akajifungua gerezani. Walikamatwa wakiwa wakatekumeni, yaani wanafunzi wa dini, na Perpetua alibatizwa akiwa tayari mikononi mwa walinzi. Kwa hiyo tunapoyataja majina yao katika Litania ya Watakatifu usiku wa Pasaka, tunawaita wanawake wa Afrika waliojua gharama ya maji yale.

Mabishano ya Karthago

Miaka hamsini hivi baadaye, Askofu wa Karthago alikuwa Mtakatifu Sipriani. Mateso makali ya mwaka 250 yalikuwa yameacha majeraha katika Kanisa. Wapo walioikana imani kwa hofu, na wapo waliosema watu hao wasisamehewe kamwe. Kundi la Novasiani lilijitenga huko Roma na kuanza kubatiza wafuasi wake lenyewe. Muda ukapita, na baadhi ya waliobatizwa huko wakataka kuingia katika Kanisa Katoliki. Je, wabatizwe?

Sipriani alisema ndiyo. Kwake yeye, nje ya Kanisa hakuna Roho Mtakatifu, na asiye na Roho hawezi kumpa mwingine. Maji yao yalikuwa maji tu. Tarehe 1 Septemba 256 maaskofu 87 walikutana Karthago, wakaunga mkono msimamo huo.

Papa Stefano wa Roma alisema hapana. Desturi iliyopokelewa ifuatwe: aliyekwisha kubatizwa asibatizwe tena, bali awekewe mikono na kupokelewa. Maneno yakawa makali pande zote mbili, na umoja wa Kanisa ukatikisika. Kabla mambo hayajatulia, Stefano alifariki mwaka 257, na Sipriani akakatwa kichwa kwa ajili ya Kristu tarehe 14 Septemba 258.

Baadaye, mwaka 314, mtaguso wa maaskofu uliokutana Arles, katika nchi ya Ufaransa ya leo, ulilitazama swali hilo ukiitaja Afrika waziwazi. Uliamua kwamba mtu akija kutoka kundi lililojitenga aulizwe imani aliyobatizwa nayo. Akionekana amebatizwa kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, awekewe mikono tu. Msimamo wa Sipriani haukushinda. Hata hivyo Kanisa halikumfuta. Jina lake linatajwa katika Sala ya kwanza ya Ekaristi, pamoja na jina la Papa Kornelio. Mtu anaweza kukosa katika hoja moja na bado akawa mtakatifu.

Chapa isiyofutika

Aliyetueleza sababu ya uamuzi ule ni Mwafrika mwingine, Mtakatifu Augustino. Yeye mwenyewe alibatizwa mtu mzima na Mtakatifu Ambrosi huko Milano, Mkesha wa Pasaka mwaka 387, kisha akawa Askofu wa Hippo, katika Algeria ya leo. Siku zake kundi la Wadonati lilikuwa likidai kwamba sakramenti zinazotolewa na mhudumu asiye safi hazina nguvu, na lilikuwa likiwabatiza Wakatoliki upya.

Jibu la Augustino lilikuwa jepesi kueleweka: Ubatizo ni wa Kristu. Akibatiza Petro, ni Kristu anayebatiza. Akibatiza Yuda, bado ni Kristu anayebatiza. Akatoa mfano wa alama waliyotiwa askari wa Dola la Roma. Askari akitoroka jeshini alama inabaki, na akirudi hatiwi nyingine. Sisi tunaoishi kati ya wafugaji tunaelewa upesi. Ng'ombe aliyepigwa chapa akipotea, hata akikaa katika zizi la watu miaka kumi, chapa ni ile ile. Siku atakapopatikana, mwenyewe hatamchoma upya. Atamtambua na kumrudisha nyumbani.

Ndiyo maana Kanisa linafundisha kwamba Ubatizo, Kipaimara na Daraja Takatifu hutia alama ya kiroho isiyofutika, na kwa sababu hiyo hazirudiwi. Ubatizo hutuondolea dhambi ya asili na dhambi zote tulizotenda, hutufanya watoto wa Mungu na viungo vya Kanisa, na hufungua mlango wa sakramenti nyingine. Tukianguka baadaye, dawa ni Kitubio. Hatuhitaji maji mapya.

Na ndugu yetu aliyezamishwa upya kwingine? Ubatizo wake wa kwanza ulibaki. Akirudi, anarudi kama mtoto wa nyumbani: anamwona padre, anaungama, anapatanishwa na Kanisa. Vivyo hivyo, Mkristo aliyebatizwa kwa maji na kwa jina la Utatu Mtakatifu katika kanisa lingine akitaka kuwa Mkatoliki, habatizwi tena. Anakiri imani na kupokelewa. Pale tu panapokuwa na shaka ya kweli baada ya uchunguzi ndipo Ubatizo hutolewa kwa sharti.

Kwa nini Kipaimara kilitengana na Ubatizo

Wengi hutuuliza kwa nini mtoto anabatizwa leo na kupata Kipaimara miaka mingi baadaye, ilhali mwanzoni vyote vilikwenda pamoja. Jibu liko katika idadi ya watu na urefu wa safari.

Kanisa lilipokua, askofu hakuweza tena kuwa mahali pote. Vijiji vilipata mapadre wao, na watoto wengi walibatizwa wangali wachanga. Makanisa ya Mashariki yaliamua padre atoe sakramenti zote mara moja, akitumia mafuta yaliyobarikiwa na askofu. Roma ilichagua njia nyingine. Mwaka 416 Papa Inosenti wa Kwanza alimwandikia Askofu wa Gubbio kwamba mapadre wanaweza kumpaka mbatizwa mafuta, lakini kumpaka kwenye paji la uso ili ampokee Roho Mtakatifu ni kazi ya askofu. Basi watoto wakabatizwa na padre, kisha wakamngoja askofu. Upande mmoja ulilinda umoja wa sakramenti, upande mwingine ulilinda kiungo cha kila Mkristo na askofu wake, mrithi wa mitume.

Mwaka 1910 Papa Pio wa Kumi aliruhusu watoto wapokee Ekaristi wanapofikia umri wa kupambanua, kama miaka saba. Hivyo katika sehemu nyingi Komunyo ya Kwanza ilitangulia Kipaimara, kama tunavyofanya hapa. Mwaka 1971 Papa Paulo wa Sita alirekebisha adhimisho la Kipaimara na kuweka maneno yanayotamka kwamba anayepakwa anapokea muhuri wa Kipaji cha Roho Mtakatifu. Wazee wetu wanakumbuka lile kofi dogo la shavuni alilotoa askofu zamani, la kumwambia kijana ajiandae kuvumilia kwa ajili ya imani. Kofi liliondolewa, lakini maana yake haijaondoka. Kwa Kiswahili jina lenyewe linajieleza: ni sakramenti inayotupa uimara.

Krisma inayotumika ni mafuta yaliyochanganywa na manukato, ambayo askofu huyaweka wakfu mara moja kwa mwaka katika Misa ya Krisma, siku za kukaribia Pasaka. Hata pale padre anapopewa ruhusa ya kutoa Kipaimara, mafuta ni ya askofu.

Njia iliyofika kwetu

Imani ilipofika Buganda mwaka 1879 kupitia Wamisionari wa Afrika, mwanzilishi wa shirika lao, Kadinali Lavigerie, aliagiza wanafunzi wafundishwe miaka minne kabla ya kubatizwa. Mateso hayakusubiri. Karoli Lwanga alibatizwa Novemba 1885. Mwezi Mei 1886, walipojua kifo kimekaribia, Lwanga aliwabatiza usiku wakatekumeni kadhaa waliokuwa chini yake, akiwemo Kizito, mdogo kuliko wote. Lwanga hakuwa padre. Alikuwa mlei, kama sisi. Katika hatari ya kufa mtu yeyote anaweza kubatiza, mradi awe na nia ya kufanya lifanywalo na Kanisa, amimine maji na kutaja Utatu Mtakatifu. Mwenzao Mukasa Kiriwawanvu alikufa Namugongo akiwa bado mkatekumeni. Kanisa linasema alibatizwa kwa damu yake, na tarehe 3 Juni tunamheshimu pamoja na wengine.

Hapa Kenya, Mapadre wa Roho Mtakatifu walianza misheni ya St. Austin's, Nairobi, mwaka 1899, na Wakonsolata wakafika Tuthu, Murang'a, mwaka 1902. Walioifikisha imani hadi vijijini, hata hivyo, walikuwa hasa makatekista, waliotembea kwa miguu wakifundisha sala na katekisimu chini ya miti. Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliagiza hatua za kale za ukatekumeni zirudishwe, na tangu mwaka 1972 ziko katika utaratibu rasmi wa Kanisa. Kwa hiyo mtu mzima anayebatizwa kwetu usiku wa Pasaka hupokea Ubatizo, Kipaimara na Ekaristi pamoja, kama watu wa Karthago.

Sisi leo

Historia hii inatudai mambo matatu.

Kwanza, tusikione Kipaimara kuwa mahafali. Tunawaona vijana wanaokuja mafundisho kila Jumamosi, wanapakwa krisma, wanapiga picha na Baba Askofu, kisha hawaonekani tena. Muhuri haumaanishi mtu amemaliza. Askari akishatiwa alama ndipo kazi huanza. Milango ya kwaya iko wazi kwao Jumapili inayofuata.

Pili, wasimamizi. Kanisa linashauri msimamizi wa Ubatizo awe pia msimamizi wa Kipaimara, ili sakramenti hizi mbili zionekane ni njia moja. Msimamizi hakuchaguliwa kwa ajili ya zawadi. Alichaguliwa ili amwulize kijana, miaka mitano baadaye, "Mwanangu, mbona sikuoni kanisani?"

Tatu, waliohama. Katika ofisi ya parokia kuna kitabu cha Ubatizo, na kando ya kila jina huandikwa Kipaimara na Ndoa. Aliyehama hafutwi humo. Jina lake liko pale pale, kwa wino ule ule. Tukikutana naye sokoni au mazishini, tusimsute. Tumwambie habari hiyo.

Na mwanakwaya yeyote ambaye bado hajapata Kipaimara, asione haya kwa sababu ya umri. Amwone katekista wetu baada ya Misa. Baba Askofu akija, tungependa awe upande wa mbele, na sisi tumwimbie.

Heri ya Jubilei kwenu nyote. Tumsifu Yesu Kristu!