Mkwaju Aliyetangulia Mti

Katika kamusi, mkwaju ni mti kwanza: mti mkubwa wenye vijani vidogo vidogo na matunda ya kahawia, ambayo yakilowekwa na kutiwa sukari hutoa kinywaji ambacho watu wa pwani hawana haja ya kuelezwa. Maana ya pili ni fimbo, bakora. Watangazaji wa mpira wameongeza ya tatu, nayo ni mkwaju wa penalti. Lakini kwetu sisi tuliokulia Bugufi, katika vilima vya Ngara, ambako mti huo si wa kuonekana njiani, neno hili lilikuja kwa njia nyingine kabisa. Mkwaju alikuwa mtu. Alikuwa dereva wa lori, mlevi, mwenye mwanamke katika kila kituo, na alitufikia ndani ya redio.

Wapenzi wa lugha, historia ninayotaka kuieleza ni ya mtu huyo na wenzake, na ya namna wasikilizaji wa Ngara na Biharamulo walivyowahukumu. Tumezoea kuandika historia ya Kiswahili kwa kufuata tenzi, magazeti na mabaraza. Mchezo wa redio tunauacha nje, kana kwamba ni kelele za jikoni. Nadhani hilo ni kosa kwa wilaya kama zetu, ambako wengi walijifunza Kiswahili cha mazungumzo, kile cha kugombana na kubembelezana, kwa kuwasikiliza waigizaji na si kwa kumsikiliza mwalimu.

Mchezo wenyewe uliitwa Twende na Wakati. Radio Tanzania Dar es Salaam ilianza kuurusha Julai 1993, mara mbili kwa wiki, nusu saa kila kipindi. Ulirushwa jioni, na ndivyo ilivyopasa, maana mchana msikilizaji wa kwetu yuko shambani. Marekani mambo yalikuwa kinyume. Huko, tangu miaka ya 1930, michezo ya mfululizo iliwekwa mchana ili mama wa nyumbani aisikilize akiwa kazini, na kwa kuwa wenye viwanda vya sabuni ndio waliolipa gharama, michezo hiyo ikaitwa kwa jina la sabuni hadi leo. Sabuni ya Twende na Wakati ilikuwa uzazi wa majira na kujikinga na UKIMWI. Nasema hivyo bila dharau. Kila mchezo wa aina hii una kitu unachouza, na ni afadhali msikilizaji akijue.

Ufundi wake ulitoka mbali zaidi. Mwaka 1969 televisheni ya Peru ilianza kuonyesha Simplemente María, hadithi ya msichana wa kazi aliyejikomboa kwa cherehani, na inasemekana mauzo ya cherehani yalipanda. Mtu mmoja wa Mexico, Miguel Sabido, akaichunguza hadithi hiyo na kuunda kanuni: mchezo uwe na mtu mwema wa kuigwa, mtu mbaya wa kuogopwa, na katikati yao mtu wa kawaida anayeyumba hadi aamue. Kenya iliitumia kanuni hiyo katika miaka ya 1980, katika Ushikwapo Shikamana. Ilipofika Tanzania, yule mwema alikuwa Fundi Mitindo, tena fundi cherehani! Sijui kama waandishi wa Dar es Salaam walimkumbuka binti wa Peru walipomchagulia kazi hiyo, lakini mimi kila nikiliwaza jambo hilo hutabasamu. Mbaya alikuwa Mkwaju. Wa katikati alikuwa Tunu, mke wa Mkwaju.

Tuyatazame majina hayo kwa jicho la mshairi. Tunu ni kitu cha thamani kisichopatikana kila siku. Fundi Mitindo ni mtu anayekwenda na mapya. Mkwaju ni uchachu na fimbo kwa pamoja. Kabla mhusika hajafungua kinywa, jina limekwisha kumhukumu. Huu si uzushi wa redio. Shaaban Robert alimwita mshitakiwa wake wa Kusadikika Karama, na mshitaki wake Majivuno, na msomaji hakuhitaji kuuliza aegemee upande gani. Waandishi wa Twende na Wakati walikuwa warithi wa desturi hiyo, wawe walikusudia au la.

Ila desturi hiyo inamtaka msikilizaji aijue lugha kwanza, na hapo ndipo mambo yalipogeuka kwetu. Majina ya Kihangaza, kama ya Kirundi ambacho ni ndugu yake wa karibu, mara nyingi ni sentensi nzima, na sentensi hiyo aghalabu haimsemi mwenye jina. Inamsema Mungu, au hali ya wazazi siku ya kuzaliwa, au majirani. Mtu anaweza kuitwa Banyangiriki, yaani “wananichukia kwa nini”, na asiwe na adui hata mmoja. Swali ni la babaye. Basi jamii iliyozoea kusikia jina kama ujumbe wa mzazi kwa jirani haikuwa na sababu ya kusikia jina la Mkwaju kama hukumu juu ya Mkwaju. Tulilisikia kama sauti tupu. Uchachu uliingia baadaye, kutokana na matendo yake. Ndiyo maana nasema kwetu mtu alitangulia mti.

Kuna jambo jingine la ajabu katika historia hii. Kati ya 1993 na 1995 mtambo wa Dodoma haukuurusha mchezo huu, kwa makusudi, ili watafiti, miongoni mwao Mmarekani Everett Rogers, wapate kulinganisha watu waliousikia na wasiousikia. Kwa hiyo kwa miaka miwili Dodoma, nchi kavu inayoifahamu mikwaju vizuri, walikuwa na mti bila mtu, na sisi tulikuwa na mtu bila mti. Watafiti walihesabu matumizi ya uzazi wa majira na mienendo ya watu. Laiti mwanaisimu mmoja angekuwa pamoja nao.

Mkwaju hakuwa fumbo kwetu, na hili ndilo lililoutia mchezo uzito wake. Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Rwanda inapita Nyakanazi, Lusahunga na Nyakahura katika Biharamulo, kisha Benaco, halafu daraja la Rusumo. Tawi lake linakwenda Kabanga na kuingia Burundi. Malori yalilala kwetu. Madereva walikuwa na fedha, na walikuwa na Kiswahili cha Tanga na Morogoro kilichowafanya waonekane watu wa dunia. Mtu wa Iringa aliyemsikia Mkwaju akitamba redioni alisikia mhusika. Mtu wa Lusahunga alisikia sauti aliyoisikia jana hotelini ikiagiza chai na nyama. Sauti ikazaa msemo. Mwanamume akijisifia wanawake mbele ya wenzake, mtu alimkata maneno kwa kusema tu, “Aa, Mkwaju!” Msemo huo haukuwa wa kwetu peke yetu, ulisikika kwingi nchini. Lakini naamini ulichoma zaidi mahali ambapo lori lenyewe lilikuwa limeegeshwa nje.

Hapa nafika kwenye lawama yangu kwa mchezo huo, na ni lawama ninayoitaja kwa heshima. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Kabla ya neno UKIMWI kuundwa na kuenea, watu wa mkoa wetu waliuita ugonjwa huo Juliana, jina la nguo ya fasheni iliyokuja na wafanyabiashara wa magendo kutoka Uganda. Hilo nalo ni neno lililobadilika kutoka kitu kizuri kuwa kifo katika miaka michache. Kufikia 1993, basi, Kagera ilikuwa na miaka kumi ya makaburi, nyumba zinazolelewa na bibi, na watoto waliozika wazazi wote wawili. Kisha redio ikaleta hadithi ambamo Mkwaju, mhusika mbaya, anaupata ugonjwa huo kwa ubaya wake. Kwa msikilizaji wa mahali ambapo ugonjwa ulikuwa bado uvumi, hilo lilikuwa onyo. Kwetu lilisikika kama hukumu juu ya wafu.

Nilipokuwa nikifanya kazi Biharamulo, nilikuwa na jirani mjane. Mumewe alikuwa utingo. Jioni tulikusanyika kwenye redio moja, betri zake zikiwa zimeanikwa juani mchana kutwa ili zipate nguvu za nusu saa. Mama huyo alipenda sana sehemu za Tunu, lakini sauti ya Mkwaju ikianza tu alinyanyuka na kwenda kuchota maji, hata mtungi ukiwa umejaa. Jioni moja mabishano yalikuwa makali. Vijana walisema Tunu amechelewa mno kumwacha mumewe, wazee wakasema mke haondoki hivi hivi. Mama akasikiliza wee, halafu akasema, “Mwenzetu Tunu ana bahati jamani. Yuko mtu anayejua mwisho wake na anamwandalia.” Hakuna aliyemjibu. Nimesoma uhakiki mwingi wa tamthilia tangu siku hiyo, na sijasoma uliogusa kanuni ya Sabido mahali pake laini kama sentensi hiyo.

Maana kweli, katika kanuni ile kila mtu ana mwisho unaomstahili. Dawa za kufubaza virusi zilikuwa bado. Mpango wa taifa wa kuzitoa bure ulianza mwaka 2004. Nje ya redio waliougua walikuwa wema na wabaya na watoto wachanga, na wake ambao kosa lao lilikuwa kumngoja mume arudi safari. Mwandishi aliyekuwa na lengo la kuokoa maisha alihitaji hadithi yenye sababu na matokeo, naye huenda aliokoa mengi. Siwezi kumlaumu kwa hilo. Lakini sanaa yake ilidai gharama fulani, na gharama hiyo ililipwa na waliokuwa wamefiwa tayari.

Kuhusu Fundi Mitindo sina mengi. Alikuwa mwema asubuhi, mchana na jioni, na sijapata kumsikia mtu akilitumia jina lake kama msemo. Tunu ndiye aliyekuwa kazi ya sanaa. Alivumilia, akarudi nyuma, akavumilia tena, hatimaye akajitenga na mumewe na kuanza biashara yake ndogo. Watu waligombana juu yake kwa sababu angeweza kuamua vingine. Wanawake wa kwetu hawakulichukua jina lake kuwa msemo, lakini nakumbuka mabishano ya sokoni yakianza kwa “Kama ningekuwa Tunu...”, na sarufi ya sharti ile, nge na ngali, ambayo darasani ilitutoa jasho, ilitamkwa pale bila kosa na watu wasiokaa shuleni hata miaka minne.

Kabla mchezo haujatimiza mwaka, historia kubwa iliipiku hadithi. Mwisho wa Aprili 1994 wakimbizi wa Rwanda walivuka Rusumo kwa mamia ya maelfu katika siku chache, na pale Benaco, mahali palipoitwa kwa jina la kampuni ya Kiitaliano ya ujenzi, pakasimama mji wa turubai. Wageni waliwazidi wenyeji wa wilaya ya Ngara kwa idadi. Mwaka 1995 shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi lilianzisha Radio Kwizera pale Ngara. Kwizera ni kutumaini. Ilitangaza kwa Kiswahili, na kwa lugha za waliovuka pia. Ghafla, mtoto wa Kihangaza aliyeambiwa shuleni kwamba lugha ya nyumbani ni ya nyumbani alisikia lugha inayokaribiana nayo ikisoma habari.

Ng'ambo ya mpaka, Bujumbura, studio iitwayo Ijambo ilianza mwaka 1997 kurusha mchezo wa Marie-Louise Sibazuri, Umubanyi Niwe Muryango, juu ya familia mbili jirani, moja ya Kihutu na nyingine ya Kitutsi, wakati vita vya Burundi vingali vinaendelea. Mawimbi ya redio hayaonyeshi pasi mpakani, na msemaji wa Kihangaza hahitaji mkalimani. Kwangu mimi huo ndio mchezo uliokomaa zaidi kati ya hiyo miwili. Sibazuri hakuweza kumwadhibu mhusika kwa ajili ya familia aliyozaliwa. Ilimbidi aandike watu wanaoogopana na bado wanaazimana moto, na swali la nani mbaya likawa gumu kama lilivyo gumu kijijini.

Jina la mchezo huo limenisumbua miaka mingi kama mfasiri. Umubanyi ni jirani, lakini jirani ni neno lililotoka Uarabuni, ilhali umubanyi limetokana na kubana, yaani kuwa pamoja, kuishi na mtu. Kwa Kiswahili, kubana ni kitu kingine kabisa, na wale walioishi Benaco mwaka 1994 wangesema maana zote mbili zilikuwa sahihi. Muryango ni ukoo, na pia ni mlango wa nyumba. Nilikuwa nikiandika “Jirani ndiye ukoo”, na mlango ukipotea. Kisha nikakumbuka kwamba Mombasa na Lamu nako ukoo huitwa mlango. Basi siku hizi natafsiri hivi: Jirani ndiye mlango.