Macho yakimvimba kifaranga wa bata: Chanzo, huduma ya kwanza na kinga

KIFARANGA wa bata aliyelala jana akiwa mzima anaweza kuamka leo jicho moja likiwa limefura na kope zimegandamana kwa tongo. Wapo wafugaji wanaolichukulia jambo hilo kuwa dogo, wakisubiri lipone lenyewe. Lakini kifaranga asiyeona hafikii chombo cha maji wala cha chakula, husukumwa kando na wenzake, na huweza kufa kwa kiu na baridi kabla ya ugonjwa wenyewe kumwua.

Ugumu zaidi ni kwamba uvimbe wa jicho si ugonjwa mmoja. Huenda ukawa umesababishwa na punje ya vumbi ambayo maji ya chumvi yataiondoa kwa siku moja, au ukawa dalili ya kwanza ya maradhi yatakayofagia kundi zima. Ni kwa sababu hiyo ambapo mfugaji anashauriwa kuchunguza kwanza, kisha ndipo ashike dawa.

Nchini Kenya, bata wengi hufugwa kwa idadi ndogo kando ya kuku, hasa katika maeneo ya Magharibi, Nyanza na Pwani. Aina inayoonekana sana vijijini ni Muscovy, bata mwenye ngozi nyekundu yenye vinundu usoni, ambaye mayai yake huatamiwa kwa takriban siku 35. Mayai ya bata wa aina nyingine huanguliwa baada ya siku 28 hivi. Anayempoteza kifaranga mmoja, basi, amepoteza pia zaidi ya mwezi mzima wa kungoja.

Maumbile ya jicho la bata

Bata ni ndege wa maji, na jicho lake limeumbwa kuoshwa mara kwa mara. Anapotumbukiza kichwa majini, husafisha macho na matundu ya pua kwa pamoja. Kifaranga anayenyweshwa kwa kisahani chembamba, kinachoweza kulowesha ncha ya mdomo tu, hukosa nafasi hiyo. Unga wa chakula, vumbi na kinyesi hukauka kwenye kope, na vijidudu hupata makao.

Isitoshe, chini ya jicho la ndege kuna uwazi unaoungana na pua, unaoitwa sainasi. Uwazi huo ukijaa kamasi au usaha, ngozi iliyo kati ya jicho na mdomo hufura, na mfugaji hudhani jicho lenyewe ndilo lililougua. Ikumbukwe pia kwamba usaha wa ndege hauwi majimaji kama wa binadamu. Huganda ukawa mgumu mfano wa jibini. Ndiyo maana uvimbe uliokaa kwa siku nyingi haumaliziki kwa matone ya dawa peke yake.

Kusoma dalili

Jambo la kwanza la kutazama ni idadi ya macho yaliyovimba. Jicho moja likiwa limefura ilhali kifaranga anakula na kukimbia, chanzo huwa mara nyingi ni jeraha, mdonoo wa mwenzake au kitu kilichoingia jichoni kama vile kipande cha maranda au kapi la nafaka.

Macho yote mawili yakitoa machozi kwa vifaranga kadhaa kwa wakati mmoja, lawama ya kwanza iangukie banda. Kinyesi cha bata kina maji mengi, na matandiko yaliyolowa hutoa hewa ya amonia inayochoma macho. Kipimo chake ni rahisi: mfugaji apige magoti hadi usawa wa kifaranga na avute pumzi. Macho yake yakimwasha au pua ikichomwa na harufu hiyo, vifaranga wanaolala hapo usiku kucha wanaumia zaidi.

Kope zikigandamana, na zikifunguliwa zikatoa utando mweupe kama maziwa yaliyoganda, upungufu wa vitamini A unafaa kushukiwa. Hali hii huwapata vifaranga wanaolishwa pumba au mahindi meupe pekee bila majani mabichi.

Uvimbe ulio chini ya jicho, ukiandamana na kupiga chafya na kamasi puani, huashiria maambukizi ya sainasi. Miongoni mwa vijidudu vinavyohusika ni aina za mycoplasma na bakteria wa E. coli.

Kuna dalili nyingine zisizopaswa kusubiri kesho. Bakteria aitwaye Riemerella anatipestifer huwashambulia hasa vifaranga wa bata wenye umri wa kati ya wiki moja na wiki saba. Macho na pua hutoa majimaji, kinyesi huwa cha kijani, kisha kichwa na shingo huanza kutetemeka. Kifaranga huyumba na pengine huanguka chali akipigapiga miguu hewani kana kwamba anaogelea. Ugonjwa huu huenea haraka na unaweza kuangamiza sehemu kubwa ya kundi.

Tauni ya bata, inayoletwa na virusi, humfanya ndege aukimbie mwanga, akafumba macho yaliyonata na kuhara majimaji yenye damu. Homa ya mafua ya ndege nayo huweza kuvimbisha kichwa kizima na kuua ndege wengi kwa muda mfupi, ingawa bata huenda akabeba virusi vyake bila kuonyesha dalili yoyote. Mnamo Januari 2017, nchi jirani ya Uganda ilithibitisha kuwepo kwa mafua hayo kwa ndege wa mwituni kando ya Ziwa Victoria na kwa bata na kuku wa kufugwa, hali iliyoifanya Kenya kupiga marufuku uagizaji wa kuku na mazao yake kutoka huko.

Huduma ya kwanza

Kifaranga mgonjwa atengwe mara moja. Boksi la katoni lililotandikwa kitambaa kikavu linatosha, mradi lisiwe na upepo wala giza totoro. Wiki ya kwanza ya maisha yake kifaranga huhitaji joto la nyuzi 32 hivi, nalo hupunguzwa kidogo kidogo kila wiki. Pasipo taa ya umeme, chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa kwa kitambaa na kubadilishwa inapopoa itamfaa. Jiko la mkaa lisiwekwe kwenye chumba kilichofungwa, kwa maana moshi wake huzidisha maradhi ya macho na hewa yake huua ndege na watu vilevile.

Bata ni ndege wa kundi na akiwa peke yake hulia hadi akachoka. Ikiwa hana chafya wala kamasi, boksi liwekwe mahali anapowasikia wenzake, lakini wasitumie chombo kimoja cha maji.

Jicho lioshwe kwa maji ya chumvi. Lita moja ya maji safi ichemshwe, itiwe kijiko kimoja na nusu cha chai cha chumvi, kijiko kikiwa kimesawazishwa juu, kisha iachwe ipoe hadi iwe vuguvugu. Kifaranga ashikwe kwa taulo, mabawa yakiwa yamefungwa taratibu bila kubana kifua. Pamba iliyoloweshwa iwekwe juu ya kope kwa dakika chache ili tongo lilainike, kisha lipanguswe kutoka pembe ya ndani kuelekea nje. Kope zisivutwe kwa nguvu. Kila jicho litumie pamba yake, na kazi hii irudiwe mara tatu au nne kwa siku.

Baada ya kufungua jicho, mfugaji atazame kwa mwanga mzuri kama kuna kitu kilichonasa. Utando mwepesi unaopita juu ya jicho na kurudi usimtishe, kwani ni kope ya tatu ambayo kila bata anayo. Lakini doa jeupe lisilosogea juu ya kioo cha jicho ni ishara ya kidonda, na hilo ni la daktari.

Kifaranga asiyeona aonyeshwe maji. Ncha ya mdomo wake ichovywe kwenye maji vuguvugu kila baada ya saa moja au mbili mchana, anywe mwenyewe. Asimiminiwe maji kooni, kwa kuwa yanaweza kuingia kwenye njia ya hewa na kumwua. Chakula cha vifaranga kiloweshwe kidogo na kichanganywe na sukuma wiki au mchicha uliokatwa vipande vidogo sana, au karoti iliyoparuzwa.

Suala la dawa

Dawa ya macho ya tetrasaiklini hupatikana kwa wepesi na huwasaidia vifaranga wenye maambukizi ya bakteria, ila ni vyema mtaalamu aithibitishe kabla ya kutumiwa. Dawa ya macho yenye steroidi isitiwe kamwe bila amri ya daktari, maana ikikuta kidonda huweza kulipofusha jicho. Mabaki ya dawa za binadamu, maziwa, majivu, tumbaku na majimaji ya pilipili, ambayo baadhi ya watu huyapaka, huongeza tu mwasho na uchafu.

Viuavijasumu vya kutia kwenye maji navyo vina masharti yake. Havitibu virusi wala amonia. Vikitolewa kwa kukisia au kukatizwa mapema, huzaa vijidudu sugu. Tena, nyama na mayai ya ndege aliyetibiwa hayafai kuliwa hadi muda ulioandikwa kwenye kibandiko cha dawa upite.

Daktari aitwe bila kuchelewa iwapo vifaranga wawili au zaidi wameugua ndani ya siku moja, kichwa kinatetemeka, kinyesi kina damu au kuna vifo vya ghafla. Hata jicho moja tu lisilopata nafuu baada ya siku mbili za kuoshwa linahitaji kuonwa. Tangu mwaka 2013 huduma nyingi za mifugo ziko chini ya serikali za kaunti, na sheria ya mwaka 2011 inawataka wanaotoa tiba kwa mifugo wawe wamesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo nchini. Mfugaji ana haki ya kuulizia usajili huo.

Kifaranga akifa, mzoga usitupwe jaani wala kupewa mbwa. Ufungwe ndani ya mifuko miwili ya plastiki, uwekwe mahali pa baridi bila kugandishwa, na upelekwe upesi kwa uchunguzi katika maabara ya mifugo kama ile ya Kabete. Mzoga mmoja uliochunguzwa unaweza kuokoa vifaranga kumi waliosalia. Ikiwa kuna shaka ya mafua ya ndege, mzoga usiguswe kwa mikono mitupu; afisa wa mifugo aarifiwe kwanza.

Aidha, watoto ndio wanaopenda kuwabeba vifaranga, na bata huweza kubeba bakteria wa salmonela wakiwa na afya njema. Mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya kuwagusa, na kifaranga mgonjwa asilazwe jikoni.

Kinga

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Chombo cha maji kiwe na kina cha kutosha kifaranga kuzamisha mdomo na pua, na mawe madogo yapangwe ndani siku za mwanzo ili asizame. Kifaranga aliyeanguliwa na kuku au mashine asiachwe kuogelea kabla hajaota manyoya halisi, kwa kuwa hana mafuta ya kutosha ya kuzuia maji, hivyo huloa na kupigwa na baridi.

Chombo hicho kiwekwe juu ya wavu au changarawe ili maji yanayomwagika yasiloweshe matandiko. Maranda yaliyolowa yaondolewe kila siku, na banda liwe na madirisha ya juu yanayotoa hewa chafu bila kuwapuliza vifaranga.

Nafaka yenye ukungu isitolewe hata kidogo. Sumukuvu ya mahindi, iliyowaua watu 125 mwaka 2004, wengi wao wakiwa wa maeneo ya Makueni na Kitui, humdhuru bata kwa kasi kuliko kuku, na kiasi kidogo tu hudhoofisha uwezo wake wa kupigana na maradhi. Hivyo basi, mahindi yasiyofaa kwa ugali wa nyumbani hayafai kwa bata.

Ndege wageni watengwe kwa wiki mbili au zaidi kabla ya kuchanganywa na wenyeji. Na kila asubuhi, kabla ya kumwaga chakula, mfugaji achukue dakika chache kuwatazama vifaranga mmoja mmoja usoni. Jicho lililoanza kutoa machozi likigunduliwa siku ya kwanza, maji ya chumvi na maranda makavu mara nyingi hutosha. Likigunduliwa siku ya tano, usaha umekwisha kuganda, na huenda kifaranga akapona akiwa na jicho moja. Hata huyo asichinjwe kwa haraka. Akila na kutembea vyema, bata mwenye jicho moja hukua na hutaga kama wenzake.