Ziwa Linalolishwa Mbolea

Mkazi wa ufukoni mwa Ziwa Victoria, ambaye mara nyingi ameona mtumbwi wake ukinaswa na magugu maji yaliyonenepeshwa na rutuba iliyopita kiasi, hana budi kustaajabu akisikia kwamba huko Kanada, katika jimbo la British Columbia, kuna ziwa ambalo tangu mwaka 1992 hutiwa mbolea kwa makusudi, nayo ni ya fosforasi na naitrojeni kama aijuayo mkulima, ili samaki wapate kurejea.

Ziwa hilo ni Kootenay, refu na jembamba, lililobanwa na milima. Maji yake ni maangavu, na uangavu huo ausifuo msafiri ndio dalili ya njaa. Kwani maji yasiyo na rutuba hayaoti mwani, na pasipo mwani hakuna vijidudu, wala pasipo vijidudu hakuna kokani, yaani yule samoni mdogo asiyeijua bahari, ambaye huzaliwa, hukua na kufa katika maji baridi.

Asili ya taabu ni mwaka 1949, pale wataalamu wa uvuvi, kwa nia njema kabisa, walipoleta uduvi wa jamii ya Mysis wawe chakula cha trauti wakubwa wa ziwa hilo. Kumbe uduvi hao hushinda vilindini mchana kutwa, na usiku ndipo hupanda juu kula vijidudu vile vile vilivyo riziki ya kokani. Basi mgeni aliyeletwa awe kitoweo akaketi sahanini pamoja na wenyeji. Dhara hiyo ilisitirika kwa muda, kwa kuwa kiwanda cha mbolea cha Kimberley, kilichoanza kazi mwaka 1953, kilikuwa kikimwaga fosforasi mtoni, na ziwa likashiba pasipo mtu kulikusudia. Halafu taka za kiwanda zikadhibitiwa, jambo ambalo hakuna mwenye akili angelipinga. Na bwawa la Duncan mwaka 1967, kisha lile la Libby upande wa Marekani katika miaka ya 1970, yakazuia nyuma ya kuta zake tope lenye rutuba lililokuwa likiteremka tangu zama za kale. Ilipoingia miaka ya 1990 kokani walikuwa wamepungua mno, na trauti wanaowategemea wakawa hatarini.

Wazo la mbolea halikupokewa na wote. Wako wataalamu waliohofu, wala hofu yao haikuwa ya kijinga, kwamba watakaonenepa ni uduvi. Hata hivyo tishari likatengenezwa, likawa kila majira ya joto hupita katika mkono wa kaskazini wa ziwa likimimina mbolea ya maji nyuma yake, kwa vipimo vinavyobadilishwa wiki hadi wiki, naitrojeni ikizidishwa kadiri jua linavyokolea ili usije ukaota ule mwani mbaya usiolika. Kokani wakaongezeka. Mbolea ilipopunguzwa kuanzia mwaka 1997, nao wakapungua. Iliporudishwa mwaka 2001, wakainuka tena. Mwaka 2004 mkono wa kusini nao ukaanza kulishwa, kwa juhudi za kabila la Kootenai la Idaho.

Katika miaka ya neema, mwezi Septemba, mfereji wa kutagia mayai wa Meadow Creek, uliochimbwa kuwa fidia ya bwawa la Duncan, hujaa samaki wekundu kama pilipili iliyoiva, migongo ikijitokeza juu ya maji, majike wakipigapiga mikia kwenye kokoto ili kufukua mashimo ya mayai, na baada ya siku chache wote ni mizoga.

Lakini baada ya mwaka 2012 kokani wakaporomoka, ijapokuwa tishari halikusimama. Trauti, kwa kushiba, walikuwa wamekithiri hata wakawala kokani upesi kuliko kokani walivyoweza kuzaliana. Ikabidi mayai yaletwe kutoka maji mengine yakafukiwe Meadow Creek, na wavuvi, waliokwisha katazwa kokani, wakaahidiwa zawadi kwa vichwa vya trauti watakavyowasilisha: trauti wale wale ambao kwa ajili yao, mwaka 1949, uduvi walisafirishwa.