Kwa nini risasi huadimika Marekani, nchi yenye bunduki nyingi kuliko watu?

Kwa ufupi

- Risasi ikiadimika Marekani, mara nyingi chanzo ni hofu ya wanunuzi kuliko viwanda kusimama.
- Sehemu inayokwamisha uzalishaji ni fataki, kidude kidogo kinachotengenezwa na kampuni chache sana.
- Anayeumia zaidi ni mwenye bunduki mpya ambaye hajapata risasi za kujifunzia.

Mwaka 2018, taasisi ya Small Arms Survey ilitoa makadirio kwamba raia wa Marekani walikuwa na silaha takriban milioni 393. Hiyo ni sawa na silaha 120 kwa kila watu 100, watoto wachanga wakiwemo.

Ungedhani nchi ya namna hiyo haiwezi kuishiwa risasi. Kumbe huishiwa. Ilitokea mwaka 2013, ikatokea tena mwaka 2020 na 2021. Rafu za maduka zilibaki tupu, bei zikapaa, na wateja wakapangiwa kikomo: boksi moja au mawili kwa mtu.

Wawindaji, walenga shabaha na wapenda silaha bado wanajadili swali lilelile: risasi huwa zinaenda wapi?

Risasi ina sehemu nne

Tunaposema "risasi" kwa kawaida tunamaanisha kitu kizima kinachowekwa kwenye bunduki. Ndani yake kuna vitu vinne:

- Ganda: kikopo kinachobeba vingine vyote. Mengi hutengenezwa kwa mchanganyiko wa shaba, takriban asilimia 70, na zinki asilimia 30.
- Fataki: kidude cha duara kwenye kitako cha ganda. Pini ya bunduki ikikigonga, hutoa mwali.
- Baruti: huwashwa na mwali huo, huungua haraka na kutoa gesi yenye nguvu.
- Kichwa: kipande kinachosukumwa na gesi kupitia mtutu. Mara nyingi ni madini ya risasi, ndiyo, jina lilelile, yaliyovishwa shaba.

Kikikosekana kimoja, vitatu vilivyobaki havina kazi.

Jambo la pili ni ukubwa. Bastola ya milimita 9 haili risasi ya raifo, na raifo ya .223 haili ya .22. Kwa hiyo duka linaweza kuwa na maelfu ya risasi na bado mteja akatoka mikono mitupu, kwa sababu saizi yake haipo.

Saizi zinazotafutwa sana Marekani ni milimita 9 kwa bastola, .223 kwa raifo za aina ya AR-15, namba 12 kwa bunduki za marisau, na .22, ile ndogo ya bei rahisi ambayo wengi huanza kujifunzia.

2013: Risasi ndogo zilipotoweka

Desemba 14, 2012, mtu mwenye silaha aliingia katika Shule ya Msingi Sandy Hook, jimbo la Connecticut, akaua watoto 20 na watu wazima 6.

Mjadala wa kubana sheria za silaha ukawaka nchi nzima. Wenye bunduki wakahofia kwamba kesho huenda wasiruhusiwe kununua, wakakimbilia madukani leo.

Cha kushangaza, iliyoadimika kwa muda mrefu zaidi ni .22, risasi ambayo hakuna aliyekuwa akitishia kuipiga marufuku. Ilikuwa rahisi na haiharibiki upesi, kwa hiyo ikawa bidhaa ya kurundika ndani. Aliyezoea kununua boksi moja akabeba kumi. Walanguzi nao wakaanza kuamkia mlangoni kabla duka halijafunguliwa.

Uvumi ukasambaa kwamba serikali ndiyo inanunua risasi zote ili raia wakose. Ofisi ya Bunge inayokagua matumizi ya serikali ililichunguza suala hilo. Ripoti yake ya mwaka 2014 ilionyesha kwamba manunuzi ya Wizara ya Usalama wa Ndani yalikuwa yamepungua tangu mwaka 2009, hayakuwa yameongezeka.

Ni mchezo uleule wa sukari. Ukisikia itaadimika, badala ya kilo moja unachukua tano. Jirani naye anachukua tano. Jioni sukari imeisha kweli, na kila mmoja anajiona alikuwa sahihi.

2020: Hofu tatu ndani ya mwaka mmoja

Mwaka 2020 mambo yalikuja kwa mfululizo. Machi, corona ilifunga miji. Mei, kifo cha George Floyd mikononi mwa polisi wa Minneapolis kilileta maandamano makubwa. Novemba ukawa uchaguzi wa rais.

Mfumo wa FBI unaokagua rekodi za wanunuzi wa silaha ulipokea maombi takriban milioni 28.4 mwaka 2019. Mwaka 2020 yakafika karibu milioni 39.7. Ombi moja si lazima liwe bunduki moja iliyouzwa, lakini mwelekeo ulikuwa wazi.

Chama cha wafanyabiashara wa silaha, NSSF, kilikadiria kwamba watu milioni 8.4 walinunua bunduki kwa mara ya kwanza mwaka huo.

Sasa piga hesabu. Kama kila mmoja wao alihitaji maboksi mawili tu ya risasi 50, hizo ni risasi milioni 840 za ziada, kabla hujawahesabu wateja wa zamani waliokuwa wakirundika.

Risasi ya milimita 9 iliyokuwa ikiuzwa chini ya senti 20 za dola ilipanda kupita senti 50. Mapema mwaka 2021 wapo waliolipa karibu dola nzima kwa risasi moja.

Kwa nini viwanda havikuongeza tu?

Hapa ndipo fataki inaporudi.

Fataki ina kemikali inayolipuka kwa kugongwa tu. Huchanganywa ikiwa na unyevu ili isiwaue wanaoitengeneza. Kuongeza laini mpya kunataka mashine maalumu, majengo ya kuzuia mlipuko, vibali na mafundi waliozoea. Ni kazi ya miaka.

Kwa miongo mingi soko la Marekani limetegemea majina manne: Federal, CCI, Winchester na Remington. Na moja kati ya hayo lilikuwa taabani wakati mbaya kabisa: Remington, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1816, iliomba kinga ya kufilisika Julai 2020, kipindi ambacho kila mtu alikuwa anatafuta risasi.

Vista Outdoor, iliyokuwa tayari inamiliki Federal na CCI, ilinunua kiwanda cha risasi cha Remington kilichopo Lonoke, Arkansas. Yaani majina matatu kati ya manne yakawa chini ya mwenye mali mmoja. Mwaka 2024 biashara hiyo ikauzwa tena, safari hii kwa kundi la CSG la Jamhuri ya Czech, kwa zaidi ya dola bilioni 2.

Kuna sababu nyingine ambayo wenye viwanda hawaisahau: hofu huisha. Baada ya Donald Trump kushinda uchaguzi wa 2016, wenye silaha walitulia wakiamini hakuna sheria mpya inayokuja. Mauzo yakashuka. Remington iliomba kinga ya kufilisika kwa mara ya kwanza Machi 2018. Anayejenga kiwanda kipya wakati wa foleni anaweza kukimaliza foleni ikiwa imeisha.

Milango mingine iliyofungwa

Mambo mawili yalizidi kubana soko.

La kwanza ni Walmart. Agosti 2019 mtu mwenye silaha alishambulia duka lake la El Paso, Texas, na watu 23 walipoteza maisha. Mwezi uliofuata kampuni ilitangaza kuacha kuuza risasi za bastola na zile za raifo kama .223. Yenyewe ilisema ilikuwa inashika takriban asilimia 20 ya soko la risasi, na ilitarajia kushuka hadi kati ya asilimia 6 na 9.

La pili ni Urusi. Risasi za bei nafuu zenye ganda la chuma zilikuwa zinatoka huko kwa wingi. Baada ya mpinzani Alexei Navalny kuwekewa sumu, Marekani iliweka vikwazo, na kuanzia Septemba 2021 ikaacha kutoa vibali vipya vya kuingiza silaha na risasi za Urusi. Mnyonge wa bei akapoteza kimbilio.

Halafu vita ya Ukraine ikafuata mwaka 2022. Mizinga nayo inahitaji baruti. Kiungo chake kikuu, naitroselulosi, hutengenezwa kwa nyuzi za pamba au za mbao, na majeshi ya Ulaya na Marekani yanakigombania na viwanda vya raia.

Wanaojaza wenyewe

Maelfu ya walenga shabaha Marekani hawatupi maganda. Huyaokota uwanjani, huyasafisha, huyarudisha kwenye umbo kwa mashine ya mkono, kisha huweka fataki, baruti na kichwa kipya. Ganda zuri linaweza kutumika mara kadhaa.

Zamani ilikuwa njia ya kubana matumizi na kupata risasi inayolenga vizuri zaidi. Mwaka 2020 wengine walidhani ndiyo njia ya kuikwepa foleni. Wakagonga mwamba uleule: fataki hazipo. Boksi la fataki 1,000 lililokuwa likiuzwa dola 30 na kitu lilianza kuulizwa kwa dola 100 na zaidi kwa walanguzi.

Na si kazi ya kubahatisha. Baruti ikizidi kipimo, bunduki inaweza kupasuka mikononi mwa mpigaji. Ndiyo maana wazoefu hufuata vitabu vya vipimo vya watengenezaji, hupima kwa mizani, na hawafanyi kazi hiyo huku wakitazama televisheni. Risasi ya .22 kwa kawaida hairudiwi kabisa, kwa sababu kemikali yake ya kuwashia imo ndani ya ukingo wa ganda lenyewe.

Nani hasa anaumia?

Aliyerundika risasi 10,000 chini ya ngazi hana shida. Wenye shida ni hawa:

- Mnunuzi mpya. Amenunua bastola kwa hofu, ameiweka chumbani, hajawahi kufyatua hata mara moja. Kutumia silaha salama hujifunzwa kwa kurudia, na kurudia kunakula risasi.
- Vilabu vya vijana na timu za shule. Bei ikipanda mara tatu, mazoezi hupungua au hufutwa.
- Polisi wa miji midogo. Baadhi ya idara zilipunguza mazoezi ya shabaha ili kubakiza risasi za kazini.
- Wawindaji. Saizi za kuwindia zilisukumwa pembeni viwanda vikikimbizana na milimita 9 na .223.

Tofauti na Kenya au Tanzania, ambako kumiliki silaha kunahitaji kibali, sheria ya shirikisho ya Marekani haimtaki mnunuzi awe na leseni wala mafunzo. Majimbo machache yameweka masharti yao. Kwa wengine wote, mafunzo ni hiari ya mtu. Risasi zikiadimika, hiari hiyo ndiyo ya kwanza kufa, na bunduki inabaki nyumbani na mtu asiyeijua, pengine na watoto.

Wanavyopunguza makali

Walimu wa shabaha huwa na mbinu chache za nyakati za ukame:

- Mazoezi makavu, yaani kulenga na kuvuta kifyatulio bila risasi, baada ya kuhakikisha silaha ni tupu na risasi ziko chumba kingine.
- Bunduki za hewa. Mashindano ya Olimpiki ya mita 10 hutumia hizo, zenye kidonge cha milimita 4.5 tu.
- Kununua kidogo kidogo mwaka mzima badala ya kusubiri tetesi.

Maswali ya haraka

Je, mtu yeyote anaweza kununua risasi Marekani?
Hapana. Kwa wauzaji wenye leseni, sheria ya mwaka 1968 inataka miaka 18 kwa risasi za raifo na bunduki za marisau, na 21 kwa za bastola. Waliopatikana na hatia ya makosa makubwa hawaruhusiwi kuwa nazo. California ilianza kukagua wanunuzi wa risasi Julai 2019, na hatua hiyo imepingwa mahakamani.

Zinanunuliwa mtandaoni?
Ndiyo, katika majimbo mengi. Sheria ya mwaka 1986 ilifungua tena mlango wa kuagiza kwa posta.

Kuna kodi?
Ipo. Sheria ya mwaka 1937 inatoza asilimia 11 kwa risasi na bunduki ndefu, na fedha hizo huenda kwenye uhifadhi wa wanyamapori na mafunzo ya wawindaji. Kwa hiyo hata foleni ya hofu huingiza hela za uhifadhi.

Je, bila kinga ya masikio kuna hatari?
Kubwa. Karibu kila bunduki hupita desibeli 140, kiwango ambacho mlio mmoja unaweza kuharibu usikivu moja kwa moja. Vifuniko vya masikio na miwani ndivyo vifaa vya kwanza kununua, kabla ya darubini.

Uhaba unaweza kurudi?
Viwanda vikubwa vya fataki bado ni vichache na mahitaji ya vita bado yapo. Tukio lolote litakaloibua hofu ya sheria mpya au vurugu linaweza kuirudisha foleni.