Vazi Jipya, Mwili Uleule: Kupungua kwa Watazamaji na Suala la Kujihuisha katika Mifululizo ya Mashujaa ya Japani

Tarehe 5 Aprili 1975, kituo cha NET cha Tokyo, ambacho leo kinaitwa TV Asahi, kilirusha sehemu ya kwanza ya Himitsu Sentai Gorenger, hadithi ya mashujaa watano wa rangi tano iliyobuniwa na mchora katuni Shotaro Ishinomori. Hapo ndipo ulipozaliwa mfululizo wa Super Sentai, ambao kwa muda mrefu ulileta kikosi kipya kila mwaka, na ambao nje ya Japani ulijulikana zaidi kupitia toleo lake la Kimarekani, Power Rangers. Mwaka 2025 mfululizo huo uliadhimisha miaka 50 kwa No.1 Sentai Gozyuger. Katika mwaka huohuo wa sherehe ikatangazwa kwamba nafasi yake ya Jumapili asubuhi ingechukuliwa mwaka 2026 na mradi mwingine wa kampuni ya Toei, Project R.E.D. Maelezo yanayotolewa haraka ni kwamba watazamaji wamepungua. Makala haya yanashikilia kuwa maelezo hayo hayatoshi. Watazamaji wamepungua kwa mifululizo yote mikubwa ya mashujaa ya Japani, lakini Kamen Rider na Ultraman wangali imara. Tofauti imo katika kile kilichobadilishwa. Hao wawili walibadili uhusiano kati ya hadithi, bidhaa na familia inayotazama. Super Sentai ilibadili mavazi kila mwaka, na mabadiliko hayo ya ratiba yakaficha ukweli kwamba mhimili wake ulibaki palepale.

Tuanze na namba zenyewe, kwa kuwa mjadala mwingi huzichukulia kama hukumu. Ultraman ya kwanza, iliyorushwa na TBS kuanzia Julai 1966, ilipata wastani wa asilimia 36.8 ya kaya, kiwango ambacho leo hakuna tamthilia inayokiota. Hata hivyo ilikoma Aprili 1967 baada ya sehemu 39, kwa sababu studio ya Eiji Tsuburaya haikuweza kwenda na kasi ya kurusha sehemu moja kila wiki, huku kila moja ikidai majengo madogo ya kubomolewa na mavazi mapya ya majitu. Kinyume chake, JAKQ Dengekitai, mfululizo wa pili wa Sentai, ulipata watazamaji wachache na ukakatizwa mwishoni mwa 1977 baada ya sehemu 35. Hilo halikuua jina. Mwaka 1979 Toei ilirudi na Battle Fever J na kuingiza roboti kubwa inayoendeshwa na mashujaa wenyewe, jambo ambalo likawa alama ya kudumu ya Sentai. Kwa hiyo tangu mwanzo asilimia kubwa haikumwokoa aliyeshindwa kugharimia kazi yake, wala asilimia ndogo haikumzika aliyepata muundo mpya wa kuilipia. Kituo hulipia sehemu ya gharama, mtengenezaji wa vitu vya kuchezea hudhamini matangazo, kisha mauzo ya bidhaa, filamu na maonyesho ya jukwaani hujaza pengo. Kiwango cha utazamaji ni kiungo kimoja tu cha mnyororo huo. Isitoshe, kipimo chenyewe kimebadilika maana. Kampuni ya Video Research ilizoea kuhesabu kaya zilizowasha runinga kwa saa fulani, ilhali mtoto wa leo huweza kutazama sehemu ya Jumapili siku ya Jumanne kupitia huduma ya mtandaoni ya TVer au YouTube.

Kamen Rider ndiye shahidi mkuu wa hoja hii. Alianza Aprili 1971 na mara moja akazua wimbi la mashujaa wanaojigeuza. Biashara yake ilikuwa bayana tangu siku za mwanzo: watoto walinunua vitafunwa vya Calbee vyenye jina lake ili wapate kadi iliyomo, na wengi wakatupa vitafunwa vyenyewe. Baada ya Kamen Rider Black RX kumalizika mwaka 1989, jina hilo halikuwa na mfululizo mpya wa kila wiki kwa takriban muongo mmoja. Liliporudi Januari 2000 kwa Kamen Rider Kuuga, miaka miwili baada ya kifo cha Ishinomori, watayarishaji hawakuridhika na kumvika shujaa ngozi mpya. Sehemu za Kuuga ziliandika saa na mahali kwenye skrini kama kumbukumbu za upelelezi. Polisi walikuwa na nafasi halisi katika hadithi, na maadui walisema lugha yao wenyewe bila tafsiri, mtazamaji akabaki na hofu ileile ya wahusika. Joe Odagiri, kijana aliyeigiza shujaa, alivutia pia kina mama waliokuwa wamekaa na watoto wao mbele ya runinga. Hapo ndipo yalipotokea mabadiliko ya kweli. Hadithi ilikubali kwamba kipindi cha asubuhi hutazamwa na nyumba nzima, na kwamba mwenye pochi ni mzazi.

Mabadiliko ya pili yalikuwa ya kibiashara, nayo yanastahili kutazamwa kwa karibu. Mwaka 2009 mwanzo wa kila Kamen Rider ulihamishwa kutoka Januari hadi Septemba, ili mkanda mpya ambao shujaa hujigeuzia uingie madukani kabla ya Krismasi, badala ya kugombania wateja na kikosi kipya cha Sentai kilichokuwa kikianza Februari. Mwaka uliofuata, Kamen Rider OOO alionyesha jinsi hadithi na bidhaa zinavyoweza kuwa kitu kimoja. Shujaa huingiza medali tatu kwenye mkanda, ya mwewe, ya chui milia na ya panzi, kisha hupitisha kifaa cha kuzisoma juu yake, na jina la muungano huo huimbwa. Kila medali mpya ni nguvu mpya katika hadithi, ni kitu kidogo ambacho mtoto anaweza kukinunua kwa fedha chache, na ni sababu ya kutazama wiki ijayo. Mtu mzima aliyekua na mashujaa hao naye hakusahauliwa, kwani alitengenezewa kazi zake pembeni, zikiwemo Kamen Rider Amazons ya 2016 na Black Sun ya 2022, zote kwenye Amazon Prime Video. Kwa njia hii jina moja lilipata milango kadhaa ya mapato bila kumfukuza mtoto sebuleni.

Ultraman alipitia njia nyingine akafika mahali palepale. Tsuburaya Productions iliingia katika matatizo makubwa ya fedha, na mwaka 2007 familia ya mwanzilishi ikapoteza udhibiti wa kampuni. Ultraman Ginga ya 2013 ilianza kwa unyenyekevu, ikiwa na sehemu 11 tu. Sanamu laini za mashujaa na majitu zilipunguzwa ukubwa na bei ili mtoto mdogo aweze kukusanya nyingi. Mifululizo iliyofuata ilikuwa ya nusu mwaka, na kampuni ikaanza kurusha sehemu mpya kwenye YouTube pamoja na maandishi ya lugha nyingine, ikawafuata mashabiki wa Asia walikokuwa, hasa China. Studio ambayo mwaka 1967 ilishindwa na ratiba sasa ilipanga ratiba kulingana na nguvu zake. Utazamaji wa runinga ya Japani haukupanda ghafla. Kilichobadilika ni kwamba uhai wa shujaa haukutegemea tena kipimo hicho peke yake.

Sasa tuitazame Sentai kwa kipimo hicho hicho. Kila mwaka kwa kawaida ilihitaji waigizaji watano au zaidi, mavazi yao, maadui wapya, na roboti iliyoundwa kwa magari au wanyama kadhaa walioungana. Baada ya miezi kumi na miwili karibu vyote viliwekwa kando. Muundo huo uliwafaa watoto wengi na wazazi waliokuwa tayari kununua roboti moja kubwa ya bei ghali. Uliungwa mkono pia na mauzo ya picha zake Marekani, kwani Zyuranger ya 1992 ndiyo iliyokuwa malighafi ya Power Rangers ya 1993. Mlango huo nao ulifungwa polepole: Hasbro ilinunua Power Rangers mwaka 2018, na Cosmic Fury ya 2023 ikawa msimu wa mwisho wa mfululizo uliokuwa ukiendelea tangu 1993. Sentai ilikuwa kama mwenye nyumba anayepaka rangi mpya kila mwaka bila kukagua msingi. Wapita njia husifu rangi, na nyufa huendelea kupanuka.

Pingamizi la kwanza na lenye nguvu ni la idadi ya watu. Mwaka 1975 Japani ilipata watoto wachanga takriban milioni 1.9, mwaka 2024 walizaliwa takriban 686,000. Je, shujaa gani angesalimika katika hali hiyo? Takwimu hizo ni za kweli na zinaeleza kwa nini soko zima limebana. Hazielezi, hata hivyo, kwa nini Kamen Rider na Sentai, waliotengenezwa na Toei ileile, waliouza vitu vya kuchezea vya Bandai ileile na kurushwa Jumapili ileile kwenye kituo kilekile, wameachana kiasi hiki. Ripoti za Bandai Namco zimeonyesha kwa miaka kadhaa kwamba mauzo ya Kamen Rider ni mara kadhaa ya yale ya Super Sentai. Upungufu wa watoto uliwabana wote wawili, na aliyeumia zaidi ni yule asiyekuwa na mlango mwingine.

Pingamizi la pili husema kwamba Sentai ilijaribu kwa dhati. Ni kweli, na haki inataka tuseme hivyo. Jetman ya 1991 ilileta mapenzi na wivu ndani ya kikosi. Donbrothers ya 2022 ilimpa mwanamume rangi ya waridi kwa mara ya kwanza kama mshiriki wa kudumu, na King-Ohger ya 2023 ilijenga falme nzima kwa skrini kubwa za studio. Ujasiri huo wa kisanaa haupaswi kudharauliwa. Lakini ulifanyika ndani ya fremu ileile ya mwaka mmoja, roboti moja kubwa na kufutwa kwa kila kitu Februari, na ndiyo sababu mafanikio ya mwaka mmoja hayakuweza kuwa mtaji wa mwaka uliofuata. Mtoto aliyempenda mfalme wa King-Ohger alitakiwa kumwacha ili apende magari ya Boonboomger. Ubunifu wa hadithi pekee, bila ubunifu wa muundo, huisha pamoja na hadithi.

Pingamizi la tatu ni la kimaadili zaidi: kwamba kujihuisha kwa namna hii ni kuwasaliti watoto kwa ajili ya watu wazima wenye fedha. Hofu hiyo ina msingi. Shujaa anayeandikwa kwa ajili ya kumbukumbu za wazee tu hukosa kizazi cha kumkumbuka kesho. Lakini Kuuga haikumwondoa mtoto, bali ilimkalisha karibu na mama yake, na sanamu ndogo za Ultraman zilipunguzwa bei kwa ajili yake hasa. Kujihuisha kunakofaulu ni kule kunakoongeza watu sebuleni.

Kwa msingi huo Project R.E.D. inafaa kupimwa kwa swali moja. Mradi huo umeanza na Gavan Infinity, ambaye jina lake linarudi kwa afisa wa polisi wa anga wa 1982, na wengi watasema ni kumbukumbu ya zamani iliyopakwa rangi. Jina la kale halina ubaya likiwa mlango wa kuingilia. Ubaya upo iwapo, baada ya mwaka mmoja, shujaa huyu naye atafutwa na mwingine kuletwa na roboti lake. Ikiwa Toei itaruhusu wahusika waendelee, bidhaa ziwe za bei ambayo mtoto anaweza kuifikia, na hadithi itazamwe popote familia ilipo, basi mwisho wa Sentai utakuwa umeifundisha kampuni lile ambalo miaka 50 ya mavazi mapya haikulifundisha. Isipofanya hivyo, watazamaji wataendelea kupungua, na safari hii hakutakuwa na jina kubwa la kulaumiwa badala ya muundo.